Nyeusi kwa Nyeusi

Miaka tisa watu wa mtaa ule walimwita Kiberiti, na miaka tisa yeye akaitika. Angefanyaje? Jina la utani ukiligombania ndiyo kwanza linanoga midomoni mwa watu. Aliitika akiwa ameinamia betri, aliitika akiwa ameuma koleo, aliitika hata kwenye msiba wa baba yake, pale mpumbavu mmoja alipojisahau akamwita hivyo mbele ya wafiwa. Na kila alipoitika alimkumbuka mtu mmoja tu, wala hakumkumbuka kwa mema.

Mtu huyo alijulikana kwa jina la Mwalimu, ingawa chaki aliiona kwa wenzake tu. Alikuwa na gereji kubwa upande wa pili wa barabara, sauti nzito, na tumbo lililomtangulia kufika kila alikokwenda. Mafundi wengi wa pikipiki walipitia mikononi mwake. Huyu wetu naye alipitia huko, akiwa binti wa miaka kumi na tisa, baada ya baba yake kwenda mara tatu kumbembeleza Mwalimu ampokee.

Kilichotokea huko ni hiki, na tukiseme kama kilivyo. Siku moja dereva mmoja wa pikipiki, Mrefu, alileta pikipiki yake mpya afungiwe taa kubwa ya ziada, yenye ganda la chuma. Mwalimu alikuwa na kanuni aliyoihubiri asubuhi na jioni: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Akaunga waya za taa namna hiyo hiyo, kwa mikono yake, binti akimshikia tochi. Kumbe pikipiki ile, kama nyingi za aina yake, waya nyeusi haikuwa ethi, ile inayoungwa kwenye chuma cha pikipiki. Ethi ilikuwa ya kijani, na nyeusi ilibeba moto, yaani umeme wa betri, kila ufunguo ulipofunguliwa. Alipojaribu kuwasha, fyuzi ikakatika. Mwalimu hakujiuliza kwa nini. Alichomeka kipande cha shaba mahali pa fyuzi, akapangusa mikono, akaenda kunywa chai. "Mwambie mwenyewe aje achukue," alimwambia binti. Mrefu akaja, akafungua ufunguo, na waya zikaungua kuanzia kwenye usukani hadi chini ya kiti. Tangi likafuata.

Mwalimu alirudi mbio, kikombe bado mkononi. Watu walikuwa wamejaa. Akautazama moto, akamtazama Mrefu aliyekuwa analia waziwazi, kisha akanyoosha kidole. "Huyu binti. Nilimwambia asiguse."

Binti alisema ukweli mpaka koo likamkauka, lakini nani wa kumsikiliza mwanafunzi wa miezi minne mbele ya Mwalimu? Alifukuzwa siku ile ile, na jina la Kiberiti likamfuata nyumbani. Hayo angeweza kuyameza. Kilichomkaa kooni ni kwamba baba yake alivaa shati lake la maana, akavuka barabara, akamvulia kofia Mwalimu na kumwomba radhi. Radhi! Kwa mtu aliyempaka mwanawe matope. Mwalimu akampigapiga begani, "Usijali mzee, ndiyo watoto." Miaka saba baadaye, wiki yake ya mwisho, baba alimuuliza binti yake kwa upole kabisa, "Mwanangu, kweli hukugusa?" Akamjibu hakugusa. Baba akaitikia kwa kichwa, ila macho yake yalibaki na lile swali, na akazikwa nalo. Usamehe hapo kwa moyo upi?

Hakusamehe. Alijifunza umeme kwa mafundi redio na mafundi magari, kisha akafungua kibanda chake cha mabati ubavuni mwa kijiwe cha madereva wa pikipiki. Akawa fundi bingwa wa kufunga mita za dijitali, zile zinazowekwa badala ya mita ya mshale, zenye kioo kinachowaka na kuonyesha kasi, mafuta na gia. Rangi ya waya hakuiamini hata kidogo. Kila waya aliipima kwanza kwa taa ya kupimia, akaibandika kipande cha tepu nyeupe, akaandika kazi yake, ndipo akakata. Madereva walimletea kazi huku wakimtania, "Kiberiti, zimamoto tuwaite mapema?" Wote walileta isipokuwa Mrefu. Mrefu sasa alikuwa mwenyekiti wa kijiwe, alikaa hatua kumi tu kutoka kibandani, na hakuwahi kumruhusu aguse hata honi ya pikipiki yake.

Basi asubuhi moja, kijiwe kikiwa bado kitupu, Mwalimu mwenyewe akaja akisukuma pikipiki, boksi jipya kwapani, akitazama huku na huku kama mtu aliyekuja kuiba kuku.

"Hujambo binti yangu?"

Shikamoo ilimjia fundi mdomoni kwa mazoea, akaimeza. "Karibu."

"Nina mita yangu hapa. Ya kwanza tulijaribu wenyewe pale gereji, ikatusumbua. Ilikuwa feki. Hii ni orijino. Nasikia siku hizi wewe ndiye mtaalamu."

"Mliunga vipi?"

"Kama kawaida. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Fyuzi ikakatika, nikajua ni feki, tukaing'oa."

Fundi alilitazama boksi. Mtu huyu alikuwa hajui mpaka leo! Ameunguza pikipiki ya watu, ameunguza jina la binti wa watu, na hakupata hata somo moja. Mwalimu akaona kimya kile ni haya, akashusha sauti kwa huruma. "Na yale ya zamani tuyaache. Ulikuwa mtoto. Mimi nilishasahau."

Yaani alikuwa anamsamehe. Mwizi amekuja kumsamehe aliyeibiwa! Fundi aliinamisha uso haraka, maana angeuinua pale angefoka mpaka majirani wasikie.

"Iache hapa. Urudi saa nne."

"Saa nne watu wanakuwa wengi hapa. Huwezi kunimalizia sasa hivi?"

"Kuna kazi imetangulia."

Hakukuwa na kazi yoyote. Mwalimu alipoondoka, fundi alivuta kigoda, akaikodolea macho ile pikipiki kama mtu aliyeletewa adui yake amefungwa kamba. Mambo ya kufanya yalikuwa tele. Mita hizi unaziambia wewe ukubwa wa gurudumu, na ukizidanganya zinamdanganya mwenye pikipiki kuhusu kasi yake. Ungeweza kuzipanga zionyeshe tangi limejaa wakati ndani ni hewa tupu. Akaliona tumbo lile likisukuma pikipiki mlimani saa saba mchana, akacheka peke yake.

Kisha akafungua kikasha cha fyuzi chini ya kiti, na kicheko kikamkatikia. Ndani, mahali pa fyuzi, kilikuwa kimekaa kipande cha shaba.

Alikishika kwa koleo muda mrefu. Angekiacha tu. Asiguse kitu, amwite Mwalimu aunge kwa kanuni yake, afungue ufunguo, na pikipiki yote iteketee mbele ya macho yake kama ile ya Mrefu. Tusidanganyane, alitamani. Lakini alikijua kidole kile. Moto ukiwaka tena, kidole kitanyooshwa tena, na watu watasema si tuliwaambia, Kiberiti ni Kiberiti. Fyuzi ikikatika tu, hakiungui kitu, na hakuna wa kusingiziwa. Hakuwa anamhurumia mtu. Alitaka tu safari hii Mwalimu ashikwe mwenyewe. Akaking'oa kile kipande, akakitia mfukoni, akaweka fyuzi mpya.

Akafunga mita kwenye usukani, bati lake la nyuma likikazwa chuma kwa chuma. Waya zote akaziunga isipokuwa mbili, nyekundu na nyeusi, akaziacha zinaning'inia.

Saa nne kijiwe kilikuwa kimefurika madereva waliorudi kutoka mizunguko ya asubuhi. Mwalimu alipofika alitaka kupita pembeni, lakini fundi alikuwa amesimama njiani na taa yake ya kupimia mkononi.

"Jamani sogeeni! Leo Mwalimu wangu yupo. Zimebaki waya mbili, na mimi siwezi kuunga mbele yake. Nitakosa adabu."

"Hapana, binti, we malizia tu..."

"Waya mbili tu, Mwalimu. Au umesahau?"

Madereva wakapiga miluzi. Mrefu naye akasogea, mikono kifuani. Sasa mtu mwenye tumbo na jina kama lile angekataaje? Kichwa kilimvimba. Akakunja mikono ya shati, akatazama waya za pikipiki, nyekundu, nyeusi na ya kijani, akacheka kwa dharau.

"Hii wala si kazi ya kuitana. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Miaka thelathini nawafundisha hivyo hivyo."

"Hupimi kwanza?" fundi aliuliza, akimpa ile taa.

"Nipime nini? Macho ninayo."

Akaunga, akakaza tepu, akafungua ufunguo kwa madaha. Chini ya kiti kitu kikalia tap, kidogo sana. Mita haikuwaka. Honi haikulia. Pikipiki nzima ikafa kimya.

"Hii nayo feki," Mwalimu alisema.

Fundi akagusisha taa yake ya kupimia moja kwa moja kwenye betri, ikawaka. Akatoa fyuzi iliyokatika, akaiinua watu waione, akaweka nyingine. Akatenganisha waya nyeusi mbili, akafungua ufunguo, akagusa nyeusi ya pikipiki. Taa ikawaka. "Hii ni moto," alisema. Akagusa ya kijani. Giza. "Ethi ndiyo hii. Ukiunga nyeusi kwa nyeusi, moto unaingia kwenye bati la mita, unashuka kwenye chuma cha pikipiki. Kuna fyuzi, fyuzi inakatika. Hakuna fyuzi, kuna hiki..." Akatia mkono mfukoni, akakiweka kile kipande cha shaba juu ya kiti. "Nimekitoa humu leo asubuhi."

Mrefu alikiokota. Akakigeuza, na uso wake ukabadilika. "Kipande kama hiki nilikikuta kwenye majivu ya pikipiki yangu. Nilidhani ni kazi yako wewe, Kiberiti."

"Siku ile mimi nilishika tochi," fundi alisema. "Mwalimu, aliyeunga ni nani?"

"Mambo ya zamani hayo. Sisi sote tulikuwa tunajifunza..."

"Sikuuliza hilo. Baba yangu alikuvulia kofia. Aliyeunga ni nani?"

Mwalimu akatazama watu, watu wakamtazama. Hakukuwa na mtu wa kunyooshewa kidole.

"Mimi," alisema.

"Hawajasikia."

"Niliunga mimi! Binti hakugusa."

Fundi alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka tisa, na alipoyapata yalikuwa matamu na yalimuuma papo hapo, kwa sababu mtu mmoja aliyehitaji kuyasikia alikuwa ardhini. Utamu ulibaki hata hivyo. Akachukua tochi, akampa Mwalimu.

"Nishikie."

"Kazi ndogo hii, na ni mchana..."

"Huku nyuma ya mita kuna giza. Nishikie vizuri."

Kazi ya dakika kumi aliifanya saa nzima. Kila waya aliipima upya, kila kipande cha tepu alikiandika kwa mwandiko wa kadi ya harusi, na kila mkono wa Mwalimu uliposhuka kwa uchovu alisema, "Juu kidogo." Hakuna dereva aliyeondoka. Hatimaye alifungua ufunguo, mita ikawaka buluu, ikahesabu hadi mwisho na kurudi sifuri, safi kabisa. Gurudumu aliliandika kwa kipimo chake halisi. Mwalimu hakusema ahsante. Akapanda, akawasha, akaondoka.

Mrefu alikuwa anasukuma pikipiki yake polepole kuelekea kibandani. Alisimama mbele ya fundi kama mtu aliyekuja kuposa. "Honi yangu," alisema, "haina sauti siku nyingi."

"Iweke hapo, kaka."

Ndipo mtu kijiweni akaita kwa sauti, "Kiberiti!"

"Naam?" fundi aliitika, akainua kichwa.

Hakuna aliyekuwa anamtazama yeye. Wote walikuwa wamegeukia ukingo wa barabara, ambako Mwalimu alikuwa amesimama kusubiri magari yapite, mguu mmoja chini, mgongo umekakamaa. Wakaita tena, sasa kwa pamoja. Hakugeuka.

"Mwacheni," fundi alisema, akirudi kwenye waya zake. "Ataitika tu. Hata mimi nilizoea."