Kijito chini ya bustani ya mjomba

Nilikuwa namwogesha mwanangu kijitoni mtafiti mmoja aliponiomba beseni. Lake lilikuwa limepasuka njiani, kwenye pikipiki. Alitaka jeupe, maana vidudu anavyovitafuta vinaonekana vizuri kwenye kitu cheupe, na langu lilikuwa jeupe. Nikamwambia angoje nimalize.

Siku hizo nilikuwa na hasira na kila mtu. Mwanangu, hata mwaka hajatimiza, alikuwa ametokwa na upele shingoni na mapajani, halali vizuri. Nikimpeleka zahanati naambiwa nimwogeshe vizuri. Kana kwamba nampaka matope.

"Dada, huwa unamwogeshea hapa?" mtafiti akauliza.

"Sasa nimwogeshee wapi, baharini?"

Akacheka. Umri wetu ulikuwa mmoja, ila mimi niliishia kidato cha nne na yeye yuko chuo kikuu mjini. Kazi yake ni vijito vinavyoshuka kutoka milima yetu ya Uluguru: maji ni mengi kiasi gani, yanakwenda kwa kasi gani, na nini kinaishi ndani yake. Ili kujua kasi alitupa chungwa majini, akalifuata ukingoni huku simu inahesabu. Kina mama waliokuwa wanafua hoi kwa kicheko.

"Jamani, digrii nzima ya kutupa machungwa!"

"Likifika Mkuyuni mwambie mume wangu asilile!"

Naye alikuwa anacheka nao. Halafu akaingia majini na gambuti zake, akaweka wavu na kuanza kuyapigapiga mawe kwa mguu ili vidudu vilivyojificha chini visombwe viingie wavuni. Akamimina kwenye beseni langu. Tukainama wote. Minyoo miwili mitatu myekundu, basi. Uso wake ukabadilika.

"Twende juu kidogo," akasema.

Nikambeba mtoto mgongoni, tukapanda kwa njia inayopita kando ya bustani ya kabichi na nyanya ya mjomba wangu. Juu ya bustani akarudia vilevile. Safari hii beseni lilikuwa linachezacheza lenyewe. Kulikuwa na vidudu vyenye mikia mitatu myembamba, vingine vimejijengea vinyumba vya mchanga, na kaa mdogo kama kifungo cha shati. Akaniambia hao wenye mikia hawavumilii sumu, wao ndio wa kwanza kufa.

Kati ya pale na pale nilipokuwa namwogesha mtoto hakuna nyumba wala choo. Kuna bustani tu, na jiwe bapa ambalo mjomba husuuzia bomba lake la kupulizia dawa. Nimemwona akisuuza pale tangu nasoma shule ya msingi. Sote tumemwona. Nani aliwahi kuuliza?

"Kwa hiyo ndiyo inayomwasha mwanangu?"

"Sijui," akasema. "Nimepima kijito, sijampima mtoto. Ila ningekuwa wewe, nisingemwogesha chini ya lile jiwe."

Nilimpenda kwa hiyo "sijui". Wengine wote walikuwa wanajua, na wote walijua kwamba kosa ni langu.

Sasa, kwetu Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kiwanja tulichojenga ametupa yeye. Mume wangu akaniomba ninyamaze.

"Akitufukuza tutakwenda wapi?"

Nikaenda hivyo hivyo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo wapi. Mjomba, naomba lile bomba usilisuuzie kijitoni. Tunaoga sisi huko chini."

"Maji yanatembea, binti. Yameshafika mjini hayo. Au umekuja kunifundisha kilimo na yule mtupa machungwa wako?"

"Nimekuja kukuomba."

"Basi umeshaomba."

Nikaondoka. Kesho yake nikachukua ndoo nikaenda kuteka juu ya bustani. Njia ya huko ni nyembamba, inapita katikati ya matuta yake. Kina mama wakaniuliza, nikawaambia nilichokiona kwenye beseni, bila kuongeza kitu. Wakaanza kupanda na mimi, mmoja mmoja, mpaka asubuhi ikawa msafara. Kila mmoja akipita, "Shikamoo baba!" na mjomba hana budi kuacha jembe aitikie. Ndoo zinamwagika, matuta yanakuwa tope, kabichi za pembeni zinakanyagwa. Hatukumtukana hata mara moja.

Akavumilia mpaka akachoka. Akachimba shimo kule pembeni kwenye migomba, mbali na maji, akawa anasuuzia bomba huko. "Nimefanya kwa ajili ya kabichi zangu," akatangaza, "si kwa maneno ya mtu." Sawa. Mtoto angemtosha kuwa sababu, lakini sawa.

Mvua zilipokatika mtafiti alirudi na beseni lake mwenyewe. Chini ya jiwe alipata vidudu vitatu vyenye mikia. Akasema ni dalili njema, ila nisishuke bado. Upele wa mwanangu umepungua, anatambaa, analala. Kama ni maji au ni dawa ya kupaka niliyomnunulia baadaye, hakuna anayejua, na mimi sitajifanya najua.

Bado nateka juu. Mjomba ametuma watu nikamwombe radhi kwa kumwaibisha. Nimewajibu kwamba kila asubuhi napita bustanini kwake na ndoo, akiwa na neno aniambie mwenyewe.