Fundo la Kitenge

Muuguzi wa hospitali alitaka kumwekea mtoto wangu termometre kwapani, ikamponyoka ikaanguka kwenye simiti. Mimi nilikuwa nimeshamkumbatia mtoto na kurudi nyuma hadi mlangoni.

Kule Pinga, nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa muuguzi, na termometre yake ilikuwa ya kioo. Asubuhi moja ya mvua, Mama akiwa ameenda kuteka maji, ilianguka ikavunjika. Shanga za kung'aa za zebaki zikakimbilia chini ya kitanda. Koko, mama yake Mama, alikuwa na mdogo wangu mgongoni. Alipiga magoti akazikusanya kwa jani la ndizi.

"Hii njo feza," aliniambia, akaifunga kwenye pembe ya kitenge kama alivyofunga pesa ya soko. Kitenge hichohicho ndicho kilichombeba mdogo wangu, kikinuka moshi na maziwa.

Mama alirudi, akaona vipande vya kioo chini, akamgeukia Koko.

"Mama, ile maji ya ndani iko wapi?"

Koko akashika fundo. "Nimeiweka."

"Iko sumu. Shusha mutoto."

"Feza iko sumu tangu lini?"

Mama alimsogelea Koko. Alimzunguka polepole, akamchukua mtoto kwanza. Kitenge kikalegea, fundo likafunguka, na tone moja likadondoka likatawanyika katikati ya miguu yetu.

"Mutoke inje wote," Mama alisema kwa sauti ya chini.

"Mama, usiogope," muuguzi wa hospitali aliniambia pale mlangoni, akiokota termometre. "Hii iko plastiki. Za kioo tulishaziondoa."

Nikamsogelea. Mkono wangu ulikuwa bado umebana pembe ya kitenge changu.