Chupa Zilizokwisha Funguliwa

Kwa miaka kumi na mmoja ufunguo wa kabati la dawa katika kituo cha mifugo cha Njombe ulining'inia shingoni mwa Alois Mligo, kwenye uzi mmoja na medali yake ya Bikira Maria. Alilala nao, alioga nao, na Jumapili alipopiga magoti misheni ufunguo uligonga benchi kabla ya medali. Mkewe, Konsolata, alikuwa akisema kwamba siku ya kiyama mumewe ataulizwa jina na atajibu, "Mimi ndiye mwenye ufunguo." Alois hakuona cha kuchekesha hapo.

Maana mganga wa mifugo hakuwa, tusidanganyane. Aliingia kituoni wakati wa vita akiwa mshika kamba, mtu wa kumbana ng'ombe pembe huku wengine wakidunga sindano. Darasa la nne ndilo lilikuwa mwisho wake, na mwandiko wake ulikuwa wa kuku aliyekanyaga tope. Lakini mtunza dawa wa zamani alipostaafu, Bwana Mifugo, Mwingereza mwenye masharubu mekundu, alitafuta mtu asiyelewa kazini na asiyeiba, akamwona Alois. Akamkabidhi ufunguo, na pamoja nao kitabu.

Sheria ya kabati ilikuwa fupi. Chupa ya dawa ya sindano ikishatobolewa mpira wake mara ya kwanza, hiyo imefunguliwa. Tarehe iandikwe siku hiyohiyo kwenye karatasi ya chupa, na kitabuni pia. Siku saba zikipita, kilichobaki kimwagwe, na chupa ihesabiwe katika safu ya mwisho ya kitabu, ile yenye kichwa "Zilizomwagwa". Katika kitabu cha Alois safu hiyo ilikuwa tupu. Miaka kumi na mmoja, hata chupa moja! Bwana Mifugo alikuwa akifunua kurasa zile na kutikisa kichwa kwa furaha. "Alois," humwambia, "wewe hupotezi kitu."

Siri ya safu ile tupu aliirithi kwa baba yake, mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi. Kila asubuhi ya masika mzee yule alizungukia mianzi yake, akaikata ncha, akakinga maji yake matamu kwenye mbeta, kile kikombe cha mwanzi. Alipofika nyumbani hakumwaga cha jana. Aliyachukua mabaki ya jana akayaongezea ulanzi wa leo, na ulanzi ukaamka, ukawa na nguvu kuliko ambavyo ungekuwa peke yake. Kwao, mgema anayemwaga mabaki ni mtu asiyejua kazi. Basi Alois naye, akiona penisilini imebaki kidogo na siku ya saba inakaribia, alivuta dawa kutoka chupa mpya kwa sindano, akaiongezea ile ya zamani, akafuta tarehe kwa kidole kilicholowa mate na kuandika ya leo. Hakuona kwamba anadanganya. Dawa ya leo imo, tarehe ya leo ipo, uongo uko wapi? Na ng'ombe wa mtu akivimba shingo baada ya sindano, Alois alisema ni mwiba.

Juni ya mwaka 1954, baridi ikiwa imeunguza viazi mashambani, ndipo alipofika Kefa.

Kefa alikuwa Mlutheri wa Mdandu, ametoka mafunzoni Mpwapwa na cheti ndani ya bahasha. Alizoea joto la huko, kwa hiyo asubuhi ya kwanza alisimama uani meno yakigongana. Alois akamwonea huruma, akamvika koti lake la zamani la kijeshi. Hayo yalikuwa mema, na nayaandika hapa kwa sababu baada ya hapo Alois hakumtendea mema mengine kwa muda mrefu.

Siku ya tatu Bwana Mifugo aliliweka daftari la Kefa juu ya meza, akaweka la Alois kando yake. "Tazama, Alois," akasema. "Hivi ndivyo kitabu kinavyoandikwa." Mistari ya Kefa ilikuwa imenyooka, tarakimu zimepangana moja chini ya nyingine, na hakuna doa la wino. Alois alitazama, akasema, "Ndiyo, Bwana," akatoka nje kama mtu anayekwenda haja, akasimama nyuma ya miti ya miwati akipumua.

Aliona wivu. Tuliite jambo kwa jina lake. Aliuonea wivu mwandiko ule, na kalamu ya wino iliyochomekwa mfukoni, na soksi. Aliona wivu kwamba ng'ombe mkali alitulia Kefa alipomshika. Alimwonea wivu hata kwa namna alivyopiga chafya, taratibu, ndani ya leso. Watumishi wengine walipomsifu kijana, Alois alinung'unika, "Kipya kinyemi, kingawa kidonda." Na nyumbani hakuwa na habari nyingine.

"Baba Teodora," Konsolata alimwambia huku akisonga ugali, "kijana amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Anajifanya."

"Anajifanya nini?"

Alois aliinama akachochea moto. Konsolata akageuza ugali. "Basi ni kweli walivyosema, hasidi hana sababu."

Mwezi wa Agosti kilifunguliwa kituo kidogo Makambako, penye njia panda, ili wenye mifugo wa Kitandililo na vijiji vya jirani wasitembee hadi Njombe. Kefa akapelekwa huko. Alois angepumua sasa, lakini wivu hauna umbali. Dawa za Makambako zilitoka katika kabati la Njombe, zikasafiri kwa lori katika sanduku lenye nyasi, na aliyezifunga ni Alois. Chupa nzima alizibakiza Njombe. Kwa Kefa alipeleka zilizokwisha funguliwa, zile alizoziongezea mara mbili, mara tatu, kila moja na tarehe yake mpya. "Mgeni ale kiporo," alijiambia akipigilia misumari ya sanduku, na moyo wake ukaona raha.

Mwisho wa mwezi ikaja hesabu ya Makambako. Alois aliirukia safu ya mwisho kabla ya kusoma jina la kituo. Zilizomwagwa: nne. Mwezi uliofuata, tano. Uliofuata, nne tena. Hadi Desemba zilifika kumi na tisa. Alois alizijumlisha kwa vidole, kisha kwa kalamu, kisha akaziandika katika karatasi safi kwa mwandiko bora aliouweza, ulimi ukiwa nje. Akaipeleka karatasi kwa Bwana Mifugo pamoja na kitabu chake chenye safu tupu.

Masharubu mekundu yalisimama. "Dawa ya Serikali inamwagwa kama maji ya kunawa!" akasema Bwana Mifugo. Alhamisi wangekwenda Makambako wote wawili, vitabu viwekwe pamoja, na Kefa asipokuwa na maelezo, kazi yake ingekoma siku hiyohiyo.

Jumatano jioni Alois alipiga pasi shati lake mwenyewe.

Walimkuta Kefa mlangoni mwa kituo, amevaa lile koti la kijeshi, sasa lina kiraka safi kwenye kiwiko. Hata kiraka kilimuudhi Alois, jinsi kilivyoshonwa. Bwana Mifugo hakupoteza wakati.

"Chupa kumi na tisa, Kefa. Kwa nini?"

Kefa alimtazama Alois mara moja, akainamisha macho. "Nilizimwaga mimi, Bwana. Sina maelezo."

"Huna?"

"Sina, Bwana."

Bwana Mifugo akasema atakwenda kuliona josho kwanza, akirudi ataandika barua. Akatoka, Kefa nyuma yake. Alois akabaki peke yake chumbani na kabati la adui yake, limeachwa wazi. Mtu mwenye shibe angekaa akangoja. Alois alikuwa bado na njaa, akaanza kutafuta kosa la ishirini.

Nyuma ya pamba alipata daftari dogo la shule, lenye mwandiko ule ule ulionyooka. Akalisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Chupa ya kwanza kutoka Njombe. Imekuja imefunguliwa. Chini ya tarehe kuna tarehe nyingine iliyofutwa. Niliitumia kwa ng'ombe wa Mama Tabea. Amefanya jipu shingoni. Iliyobaki nimeimwaga. Chupa ya pili, imefunguliwa, dawa ina utando. Nimemwaga. Chupa ya tatu, imefunguliwa, kuna chembe zinaelea. Nimemwaga. Nikienda Njombe nitamuuliza Mzee Alois faraghani. Nisimwandikie, barua husomwa ofisini."

Zilikuwa kumi na tisa, zote zimeelezwa moja moja. Kurasani mote hapakuwa na neno moja la kumlaumu.

Sauti ya mwanamke ikabisha hodi kwa salamu ya Kibena. "Kamwene, baba. Kefa yupo?"

Alikuwa Mama Tabea mwenyewe, mjane wa Kitandililo, na kikapu cha mayai. Alimletea Kefa, alisema. Ng'ombe wake wa pekee alivimba shingo baada ya sindano, jipu likawa kubwa mno hata akaacha kula. "Kefa alitembea kwangu siku tisa, baba. Analikamua, analiosha, anarudi. Nikamwuliza ni mwiba? Akasema hapana mama, si mwiba, ni dawa, kosa ni letu sisi wa dawa."

Alois alikaa juu ya sanduku tupu. Ng'ombe wote aliowasingizia miiba kwa miaka kumi na mmoja walimpita mbele ya macho, shingo zimevimba. Akaona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio.

Lakini sitamsafisha kuliko alivyokuwa. Angeweza kulirudisha daftari nyuma ya pamba. Barua ingeandikwa, Kefa angeondoka na bahasha yake, na ufunguo ungebaki shingoni. Alilifikiria hilo, tena sana. Kilichomzuia hakikuwa aibu peke yake. Ulikuwa wivu uleule. Aliwaza jinsi ambavyo kila asubuhi, akifungua kabati, angejua kwamba kijana yule alimshinda mwandiko, akamshinda kazi, kisha akamshinda na hili pia: alinyamaza akafukuzwa kwa ajili yake. Mengine yote angeyameza. Hili hakuliweza.

Bwana Mifugo aliporudi na kuchukua kalamu, Alois alimwekea daftari mbele.

"Bwana," akasema, "chupa hizi niliziharibu mimi. Naongezea mpya kwenye ya zamani na kubadili tarehe. Na kitabu changu ni tupu kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyingine."

Ilibidi aeleze mara mbili, na habari za ulanzi akaeleza mara tatu, kwa maana Bwana Mifugo hakuamini masikio yake. Bwana Mifugo akanyoosha mkono. Alois alijaribu kuufungua uzi, fundo la miaka kumi na mmoja likakataa, ikabidi Kefa alete mkasi wa kabati. Medali ilianguka sakafuni, Alois akaiokota. Ufunguo ulikwenda kwa Kefa.

Uani, wakati lori likiwashwa, Alois alimwuliza, bila kumtazama, "Kwa nini hukunisema?"

"Siku ile ulinivika koti, baba," Kefa akajibu.

Alois hakufukuzwa. Bwana Mifugo alisema mtu aliyejisema mwenyewe hafukuzwi, ila hatashika kabati la Njombe tena. Wakabadilishana: Kefa akaenda Njombe, Alois akahamia Makambako na Konsolata na kuku wao wote, akaanza kuchovya ng'ombe joshoni. Safu ya mwisho ya kitabu chake sasa ilikuwa na tarakimu, zimepinda, lakini za kweli. Ng'ombe wa Mama Tabea, aliyekwisha pona, akazaa.

Mwisho wa Januari lori lilishusha sanduku lake la kwanza la dawa kutoka Njombe. Alois alimwambia Konsolata anamjua binadamu, sasa na wao watakula kiporo. Aling'oa misumari, akatupa nyasi kando, akazitoa chupa moja moja na kuzigeuza juani, akitafuta mpira uliotobolewa.

Zilikuwa kumi na mbili, zote nzima. Alizikagua tena tangu mwanzo, taratibu, akitamani apate hata moja tu iliyofunguliwa, awe na cha kumsema Kefa. Hakuipata.