Tanzia ya Haraka

Ndugu zangu, mpaka leo nikipita Mtaa wa Kongo navuta kofia hadi machoni, maana aibu niliyoipata pale nilijipikia mwenyewe.

Nina blogu ya habari, na nimeandika kitabu kimoja kuhusu Kariakoo ya utoto wangu (nakala nyingi bado ninazo). Vyote viwili nilivianzia kwenye meza ya nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Nassor, aliyenipa umeme na kahawa bure, mtu pekee mjini aliyekuwa akiniuliza kama nimekula. Halafu mimi na miguu yangu isiyotulia tukaondoka, Tanga, Kigoma, Mtwara, miezi minane. Niliporudi nikakuta duka limefungwa. Nikamuuliza jirani yake, Mama Shirima, aliyekuwa amezungukwa na wateja.

"Mzee katutoka, kaka. Hatunaye tena."

Mwandishi wa kweli angeuliza lini na vipi. Mimi nikakaa kibarazani, machozi yananitoka, nikaandika tanzia, nikaweka picha yake, nikairusha kabla blogu nyingine hazijaniwahi (ndiyo, hata kwenye msiba nililifikiria hilo). Haikupita saa moja watu wamejaa, wapagazi, wauza vitenge, wananipa pole kama mtoto wa marehemu, nami napokea, nikasimama kusema machache, nikafika mpaka sura ya tatu ya kitabu changu inayomtaja, na kwamba nakala zimo kwenye begi, ndipo bajaji ikasimama, akashuka Mzee Nassor na simu mkononi.

Mdomo wangu ukatoa neno moja tu: "Shikamoo."

"Marahaba. Nimekufa saa ngapi?"

Mama Shirima akapiga ukelele: "We kaka! Nilisema katutoka, kahamia Mbagala kwa binti yake!"

Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mzee hakucheka. Akanisomea tanzia yangu polepole, hadi pale nilipoandika "alikuwa baba yangu wa mjini."

"Maneno matamu, mwanangu," akasema. "Miezi minane hukunipigia hata simu. Mpaka nilipokuwa habari ndipo ukanikumbuka."

Akarudi kwenye bajaji.

Tanzia niliifuta, ingawa bado inazunguka kwenye magrupu. Siku hizi nikiambiwa fulani katutoka, nauliza kwanza kaenda wapi. Na kila Ijumaa, baada ya swala, nampigia Mzee. Inaita mpaka inakata.