Programu Moja, Bei Mbili

Mtaani walimwita Kichwa. Kwa miaka mingi aliuza dawa bila kompyuta, na kila mteja alihojiwa kama mshukiwa kabla ya kupewa kidonge: unatumia nini kingine, tumbo likoje, nani kakuandikia? Watu walinung'unika, lakini walirudi.

Kisha akaja muuza programu na kompyuta yake ya kupakata. Programu ilikuwa moja, bei mbili. Ya chini ilitunza hesabu ya dawa na kutoa risiti. Ya juu ilifanya hayo hayo, ila ilipiga kelele mteja alipopewa dawa mbili zisizopatana.

"Kwa hiyo pesa yote hiyo ya ziada ni ya kelele?" Kichwa aliuliza.

"Ya kelele tu, mzee."

"Kelele ninazo za bure nyumbani. Nipe ya chini."

Wakacheka wote wawili. Rahisi ni ghali, tunaambiwa tangu utotoni, na bado tukitajiwa bei ya chini masikio yanaziba.

Programu ilifanya kazi vizuri mno, na balaa lilipitia hapo hapo. Jina la mteja, jina la dawa, risiti hiyo, karibu mwingine. Foleni ikapungua. Taratibu Kichwa akaacha maswali yake bila hata kujua kwamba ameyaacha, kwani ile mashine ilionekana kujua kila kitu.

Mdogo wake wa kike alikuwa akichukua hapo vidonge vya kuzuia damu kuganda. Siku moja alikuja akichechemea.

"Kaka, goti limenishinda."

"Uzee huo, mama. Hauna dawa."

Akampa vidonge vya maumivu, risiti ikatoka. Dawa zile mbili hazikai tumbo moja, na Kichwa alilijua hilo tangu chuoni. Kompyuta haikusema neno, naye hakusema. Mdogo wake akavuja damu tumboni kimyakimya, akafa kabla ya kufikishwa hospitali.

Baada ya mazishi alimweleza shemeji yake, mume wa marehemu, yote, hata habari ya bei mbili. Alitamani atukanwe. Alitamani hata kupigwa, maana huzuni ile ilimzidi kimo.

Shemeji akauliza ile ya juu ilikuwa bei gani. Kichwa akamtajia.

"Hiyo tu?" shemeji akasema. "Si ungeniambia, shemeji. Ningelipa mimi."