Siméon Anaanika Maji

Saa nne asubuhi jua la Beni, mashariki mwa Kongo, limeshashika kazi, naye Siméon Kakule ameinama juu ya beseni la saruji, pana kama chumba, lakini maji yake hayafiki magotini. Anachuja matope kwa gunia. Ukingoni kuna ubao ulioandikwa kwa mkaa: HAPANA FUNIKA.

“Papa Siméon, maji yako haiyakauka?” jirani anamtania. Anacheka, anaendelea kuchuja.

Siméon, mwenye miaka 46, analowesha mbao mtaani Bungulu. Mbao huchovywa kwenye dawa yenye klorini ili mchwa wasiziguse, kisha hupakiwa kwenye malori yaendayo Kasindi, mpakani na Uganda. Mwaka huu wa 2001, bunduki zikilia barabara hufungwa na malori hulala. Hata hivyo, si vita vilivyotaka kumfungia kazi. Ni shimo lake mwenyewe.

Dawa iliyochakaa aliimwaga shimoni, akaliezeka mabati kwa heshima zote.

“Miye nilizani sumu ni kama choo, donc, basi unaifunika,” anasema, akijishika kichwa.

Maji ya mvua yakapita chini ya mabati, yakajaza shimo, maji yakavuja hadi kwenye bwawa la Mama Emérence Kavugho, chini ya kilima.

“Samaki yangu mia mbili ilielea tumbo juu,” anasema Emérence. “Nililia kama mufiwa, kweli!”

Chifu wa mtaa akampa Siméon miezi miwili: maji yaache kuua, la sivyo kazi ifungwe na wafanyakazi wake tisa warudi nyumbani mikono mitupu.

Shemeji yake, Jokébed, mwalimu wa kemia mjini Butembo, alipoona yale mabati alicheka hadi akakaa chini.

“Shemeki, sumu unaijengea nyumba! Ile inaogopa jua.”

Akaeleza kwamba mwanga wa jua hukata vifungo vinavyoshikilia klorini ndani ya dawa hiyo, kidogo kidogo, mpaka inaishiwa nguvu. Gizani hukaa na ukali wake. Si kila sumu hukubali, alionya, na maji yenye matope hayapitishi mwanga.

Basi mabati yakang’olewa, yakajengwa mabeseni yasiyo na kina ya kuanikia maji hayo. Siméon hupima maji yaliyoanikwa kwa kutia humo vifaranga vya samaki. Wa kwanza walikufa ndani ya saa moja, naye akakosa hamu ya kula. Wa pili waliishi hadi jioni.

Leo watatu wa mwisho wametimiza siku nne kwenye karai la maji hayo, na Emérence amekuja kuhesabu mwenyewe. Anainama. Anahesabu tena. Wote watatu wanakimbizana.

“Sawa, kazi iendelee,” anasema. “Nitaweka samaki mupya. Mais lakini, siku ya kuvua, ya kwanza utakula weye, miye nakuangalia.”

Eh! Wafanyakazi wanapiga makofi. Siméon, ambaye sasa anapanga kujenga mabeseni mawili zaidi, anafuta macho kwa mkono wenye matope.

“Nitaikula na kichwa yake, Mama.”