Tonge Lililokuwa Upande wa Mama Mkwe

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana sauti yangu haifiki mbali. Wageni hudhani nina mafua. Wajukuu zangu wamezoea, wao hunitegea sikio mdomoni kabisa, kisha hupiga kelele kwa niaba yangu: "Bibi anasema mje kula!" Nitakueleza sauti hiyo ilipokwenda, ila nianze na namna ya kula, kwani bila hilo hutanielewa.

Adabu zenyewe si ngumu, hata mtoto anazimudu. Unanawa. Unakaa chini vizuri, huegemei kama mgonjwa. Unasema bismillahi. Ukisahau ukakumbuka katikati, unasema kwa jina la Mungu mwanzo wake na mwisho wake, na hakuna kilichoharibika. Unakula kwa mkono wa kulia. Unakula cha mbele yako, huvuki sinia kwenda kuchukua cha mwenzako. Chakula cha moto unakisubiri, hukipulizi. Usichokipenda unakiacha bila kukitia kasoro. Maji unakunywa umekaa, kwa mafundo, na ukitaka kupumua unakitoa chombo mdomoni. Tonge likidondoka unalipangusa unalila. Ukimaliza unamshukuru Mungu. Nimewafundisha watoto wengi mambo haya, wangu na wa jirani, na sikumbuki hata mmoja aliyelia.

Mimi nililia sana. Ilikuwa miaka ya hamsini, Waingereza wangali wanatawala, nami nimetoka kwetu upande wa Malinyi kuja kuolewa Ifakara. Baba yangu alikuwa mvuvi wakati wa mafuriko na mkulima wa mpunga maji yakishuka, na siku za Jumapili yeye ndiye aliyewaongoza watu kusali katika kanisa letu la nyasi. Mume wangu alikuwa kijana wa dukani. Baba yake alimtuma vijijini kununua mpunga na samaki wakavu. Alinisikia kabla ya kuniona: nilikuwa kwenye dungu, juu ya mpunga, nafukuza ndege kwa kuimba. Nilikuwa na sauti inayovuka mto, usidhani najisifu, wavuvi walikuwa wakiijibu kutoka ng'ambo. Aliniambia baadaye kwamba alisimama kwenye matope mpaka viatu vyake vikazama.

Nilisilimu kwa hiari yangu. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Ukivuka huo mto, usirudi kunionyesha hicho kitambaa chako cha kichwa." Nikavuka. Kwa hiyo nilipoingia nyumba ile ya Ifakara, sikuwa na nyumba nyingine. Ama nibaki pale niwe mke wa mtu, ama nisiwe na pa kulaza kichwa.

Wazee wa mama mkwe wangu walikuja bondeni na bidhaa kutoka pwani. Yeye mwenyewe alizaliwa Ifakara na bahari hajawahi kuiona, lakini aliizungumzia kana kwamba ameiacha uani asubuhi ile. Sisi wa mtoni alituita "watu wa matope". Wanaume wa nyumba walikula barazani mbele. Sisi wanawake, yaani mama mkwe, wifi yangu na mimi, tulikula uani kwenye mkeka.

Siku ya kwanza tuliletewa samaki. Sasa, kwetu samaki huliwa kwa mikono miwili: wa kulia unachukua nyama, wa kushoto unavuta mwiba. Anayekula samaki kwa mkono mmoja, wazee wetu walisema, huyo ni mgonjwa au ni mwizi, mkono wa pili ameuficha kwa nini? Nikanyoosha mkono wa kushoto kuvuta mwiba. Mwiko ulinipiga vidoleni kabla sijaugusa.

"Toa!" mama mkwe alisema. "Mkono huo chooni unaufanyia nini?"

"Samahani, mama. Nilikuwa natoa mwiba."

"Kwao wanakula hata na miguu," wifi akasema. "Mwache, mama, atatuonyesha."

Nilikubali kosa. Nilijua mkono wa kula ni wa kulia, nilitaka kujifunza, na ningejifunza kwa neno moja la upole. Lakini mama mkwe alichukua pindo la khanga akaufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni. "Ukae hapo mpaka ujue kwake," akasema. Nilikula hivyo majuma mengi, nimefungwa kama mbuzi wa sadaka. Kila mpita njia aliyechungulia uani alielezwa sababu.

Mkono ulipotulia, likaja somo la pili. Mama mkwe alipakua sinia mwenyewe, hakumwachia mtu. Wali laini aliuweka upande wake na wa bintiye. Kitoga, samaki mnene asiye na miiba ya kusumbua, alimweka hapo hapo. Upande wangu aliweka ukoko, yaani ule wali ulioungua chini ya sufuria, na juu yake visamaki vidogo vyenye miiba kama nywele.

"Kula cha mbele yako, mwanangu," aliniambia. "Ndiyo Sunna."

Aliniita mwanangu, na mbele ya watu sauti yake ilikuwa tamu. Ningesema nini? Kanuni ni ya kweli. Imewekwa ili mwenye pupa asimwonee mwenye haya, naye aliigeuza ikawa uzio wa miiba, akanifungia upande wa nje. Na mwenye kupakua naye ana wajibu wake, alijua. Sinia la wanaume alilizungusha mara mbili tatu akikagua kila upande kama una kitoga.

Nilimweleza mume wangu. Alikuwa mpole, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake.

"Vumilia," akasema. "Mama anakufundisha."

"Ananipa ukoko kila siku."

Akafikiri kweli kweli, nikamwona anafikiri. "Mbona mimi sijawahi kupewa ukoko?" akauliza. Kwake hilo lilimaliza shauri.

Kisha ikaja habari kwamba dada mkubwa wa mama mkwe, aliyeolewa pwani, anakuja kututembelea. Nyumba ilipigwa chokaa. Mama mkwe aliniita jikoni, wifi akiwa anachambua mchele pembeni.

"Dada yangu ndiye atakayeniambia kama nimepata mkwe au nimepata kunguru," akasema. "Utakula naye sinia moja. Ukivuka sinia, ukakohoa juu ya chakula, ukanyanyua ule mkono, au ukainuka kabla yake, kesho unapanda mtumbwi. Mwanangu ataoa mwingine kabla nyayo zako hazijafutika."

"Mvua ikinyesha," wifi akasema bila kuinua macho, "zinafutika siku hiyo hiyo."

Mgeni alikuja na nazi. Ijumaa, wanaume waliporudi msikitini, tulikaa uani wanawake wanne kulizunguka sinia la wali wa nazi. Sijawahi kunusa kitu kama kile. Nilimwamkia mgeni, "Shikamoo, mama mkubwa," akanipa mkono wake wenye hina nikaubusu. Nilikaa nimekunja miguu, macho chini. Sinia lilikuwa limepangwa kama kawaida. Mgeni hakuona ajabu, labda alidhani ninapenda ukoko, wapo wanaoupenda.

"Bismillahi," tukasema.

Nilikuwa nimekula matonge mawili matatu tu mwiba ulipoingia kooni. Haukuingia kwa kupita, uliingia kwa kusimama. Mtoto yeyote wa mtoni anajua la kufanya: unachukua tonge kubwa la kitu laini, hulitafuni, unalimeza zima, nalo linashuka na mwiba. Nikatazama mbele yangu. Ukoko. Mkavu, wenye ncha. Wali laini ulikuwa mweupe mbele ya mama mkwe, mkono wangu ungeufikia bila kuinuka. Kata ya maji ilikuwa nyuma ya wifi.

Hapa nisikilize vizuri, nisije nikakupoteza. Mwenye kukwamwa na mwiba ana ruhusa. Avuke sinia, akohoe, ainuke, atumie mkono wa kushoto, wa kulia, na wa jirani. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliniambia hivyo miaka mingi baadaye, akashangaa kwamba mtu mzima anauliza. Tena akasema, kuutumia mkono wa kushoto kusaidia kutoa mwiba halikuwa kosa tangu mwanzo, mradi unakula kwa wa kulia. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kanuni bila milango yake. Nilichokijua ni mtumbwi.

Nikamtazama mama mkwe. Aliniona. Najua aliniona kwa sababu mkono wake ulisimama njiani kwenda mdomoni. Alilitazama koo langu. Akamtazama dada yake. Kisha kwa vidole vyake vinne, polepole, akauvuta ule wali laini karibu zaidi na kifua chake.

"Mbona mwali hali?" mgeni akauliza.

"Ana haya, dada."

"Na machozi?"

"Pilipili. Kwao hawaijui."

"Au anawakumbuka viboko wa kwao," wifi akasema, na mgeni akacheka mpaka akatema punje moja ya wali. Punje ile iliangukia upande wangu. Hakuna aliyepigwa mwiko.

Nikachukua ukoko. Nilitengeneza tonge kadiri linavyoweza kutengenezeka, nikalimeza. Lilisukuma mwiba, likapita nao likichana. Nilionja damu, nayo nikaimeza, maana kutema mbele ya wakubwa hakuna. Nikachukua jingine. Kichwa kilinizunguka, lakini mgongo wangu ulikuwa wima na mkono wa kushoto umetulia pajani.

"Mashaallah," mgeni akamwambia mama mkwe. "Wasichana wa siku hizi wanaliparamia sinia kama mbuzi. Huyu umemfunda."

Sikuinuka mpaka alipomaliza. Alilamba vidole vyake kimoja kimoja, inavyotakiwa, akawaombea dua wenyeji waliomlisha, Mungu awalishe nao. Nikasema amina. Hiyo amina ilikuwa neno la mwisho nililolitamka kwa sauti niliyozaliwa nayo.

Homa ilikuja, shingo ikavimba hata mate hayapiti. Mama mkwe alisema ni mafindofindo. Mume wangu aliponiona siwezi kumeza maji, ndipo alipopata ujasiri wa kunipakia kwenye baiskeli na kunipeleka hospitali ya misheni. Waliniokoa. Mwiba walioutoa ulikuwa mdogo, ungeupoteza kwenye mkeka. Usaha wa kooni ndio uliokuwa mwingi, na sauti ilikwenda nao.

Mume wangu alikaa kando ya kitanda akiwa amejaa furaha. "Mama anakusifu kila mahali," akaniambia. "Dada yake amesema hajapata kutokea mkwe kama wewe. Hakuna wa kukuondoa tena." Kisha akasema, "Imba kidogo basi, nisikie."

Nilijaribu. Hakuniomba tena maisha yake yote.

Basi nilibaki. Nilichokitaka nilikipata. Majirani walianza kuwaleta mabinti zao kwa mama mkwe wafundwe adabu za kula, na mimi niliitwa nikae mbele yao wanione ninavyokula kimya. Msimu wa mpunga ulipofika, kila mke alipelekwa dunguni kufukuza ndege. Mimi nilipewa debe nipige. Ndege waliizoea sauti ya debe upesi, wakala.

Miaka ikaenda. Wifi akaolewa kijiji cha Mbingu, mama mkwe akazeeka meno yakamwisha, na mwiko ukawa wangu. Siku ya kwanza nilipompakulia, hakunitazama usoni. Alilitazama sinia, upande wake, akautafuta ukoko. Nikajua amekuwa akiingoja siku hiyo.

Samaki nilikuwa nimemtoa miiba jikoni, kwa mikono yangu miwili, nikipapasa kila kipande. Wali laini ulikuwa mbele yake. Alimgusa samaki kwa kidole, akaona alivyo safi.

"Umetumia mkono wa kushoto," akasema.

"Nimetumia yote miwili, mama. Ilikuwa imeoshwa."

"Sili."

"Usiyempenda mwache, mama. Hatiwi kasoro."

Nilipokwenda kuchota maji, nilisikia mdomo wake mtupu ukifanya kazi. Niliporudi upande wake haukuwa na hata punje, na alikuwa amekaa kama mtu ambaye hajagusa kitu. Kila siku aliniambia, "Sili," na kila siku nilikwenda kuchota maji. Kuhusu ule mwiba hakutamka neno mpaka alipofariki, na mimi sikuwa na sauti ya kumuuliza.

Leo ukipika samaki, osha mikono yako yote miwili, mtoe miiba ukiwa bado jikoni. Weka wali laini na kipande kinono upande wa mgeni. Weka maji mahali mkono wake unapofika. Kisha kaa, sema bismillahi, na ulitazame koo lake kabla hujautazama mkono wake.